Stesheni ya Bububu na Jina Lililoitangulia



Bibi yangu mzaa mama, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifariki Maskati bila ya kuiona tena Unguja tangu tulipoondoka mwaka 1964. Katika yote aliyotuhadithia jioni, tukiwa tumetandika mikeka juu ya dari kuukimbia ujoto wa ndani, hapakuwa na lililorudiwa mara nyingi kuliko safari ya gari la moshi kutoka mjini kwenda shamba, Bububu. Alikuwa mtoto wa miaka sita au saba. Alishikwa mkono na “mtu wa nyumbani”, akapandishwa behewani, kengele ikagongwa, na gari likaanza kusema: bububu, bububu, bububu. “Ndiyo maana pakaitwa Bububu,” alikuwa akimalizia, na sisi wajukuu tukiuitikia mlio huo kwa pamoja mpaka mama akatukemea.

Watoto wa jirani zetu, waliozaliwa Oman na kukulia Oman, walimwona bibi kuwa mtunzi wa ngano. Tulifika huko mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya kupitia Mombasa na Dubai, na nchi ile mwaka 1970 ilikuwa na kilomita zipatazo 10 tu za barabara ya lami. Mtoto wa nchi hiyo angeaminije kuwa katika kisiwa kidogo cha Afrika bibi kizee huyu alipanda treni utotoni? Tulimtetea kwa nguvu. Hadithi ya treni ilikuwa hati yetu ya nasaba: ilithibitisha kuwa tulikotoka kulikuwa na kitu.

Mwaka jana binti yangu alitakiwa na mwalimu wake aandike habari ya mahali walipotoka wazee wake. Nikampa hadithi ya bibi, kamili, na mlio wake. Akarudi siku ya pili na maswali mawili. La kwanza: “Baba, reli ilijengwa mwaka gani, na jina la Bububu lilikuwapo tangu lini?” La pili: “Huyo mtu wa nyumbani alikuwa nani?” Makala haya ni jitihada ya kumjibu. La kwanza nimeweza kulijibu. La pili mtaniona nilipofikia.

Reli iliyotangulia

Stesheni ya Bububu haikuwa mwanzo wa reli Unguja. Mwanzo ulikuwa upande wa pili wa mji, kusini. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa na kasri la mapumziko Chukwani, karibu na ulipo uwanja wa ndege hivi leo. Mnamo 1879 aliamrisha reli nyembamba, upana wake futi mbili, ijengwe kutoka mjini hadi kwenye kasri hilo. Hapo awali mabehewa yalivutwa na nyumbu. Kisha mwaka 1881 Sayyid akaagiza kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza injini ndogo ya mvuke, nayo ikapewa jina la Sultanee.

Tarehe hizo zinastahili kupimwa. Wajerumani walianza kutandika reli ya Tanga mwaka 1893. Reli ya kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria ilianzwa mwaka 1896 na kufika ziwani 1901. Unguja ilikuwa imesikia mlio wa injini ya moshi kabla ya hapo kwa zaidi ya miaka kumi. Lakini reli hiyo ilikuwa ya mtu mmoja. Haikuwa na stesheni kwa maana tuijuayo, wala raia hakukata tiketi akaipanda. Sayyid Barghash alipofariki mwaka 1888 iling'olewa, na injini yake ikauzwa kama chuma chakavu. Kitu cha mfalme kilikwenda na mfalme.

Reli ya kampuni ya pembe

Reli ya bibi ni nyingine. Ilijengwa mwaka 1905, zama za Sayyid Ali bin Hamoud, na waliyoijenga hawakuwa Waingereza waliokuwa wakiitawala Unguja kama himaya yao. Ilikuwa kampuni ya Kimarekani, Arnold, Cheney & Co. ya New York. Kampuni hiyo ilijulikana zaidi kwa biashara ya pembe za ndovu. Pembe zilizokusanywa bara na kupitia Unguja zilisafirishwa mpaka jimbo la Connecticut, zikapasuliwa vibanzi vyembamba na kubandikwa juu ya vibonyezo vya piano. Jamaa zetu walioko Marekani, mkiona piano ya zamani katika nyumba ya mtu, huenda mnaangalia kipande cha mzigo uliopitia Forodhani.

Reli yenyewe ilikuwa na upana wa futi tatu na urefu wa maili saba, yaani kilomita 11 na kitu. Ilianzia mjini, ubavuni mwa Ngome Kongwe, na kuishia Bububu. Ngome hiyo ilijengwa na Waarabu wa Oman, baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Kireno. Miaka mia mbili baadaye, ngome iliyojengwa kuzuia maadui wa baharini ikageuzwa kuwa mahali pa kuwekea vyuma na vifaa vya reli. Haikupita miaka mingi serikali ya himaya ikainunua reli kutoka mikononi mwa kampuni.

Maili saba

Ninapenda sasa kuwapeleka wasomaji katika safari hiyo, kituo kwa kituo, kwa kuwa wengi wetu tumekwenda njia hiyo kwa gari la kukodi bila ya kujua tunapita juu ya nini.

Gari la moshi lilipoondoka Ngomeni halikutoka mjini mara moja. Mwendo wa mwanzo ulikuwa ndani ya mji, katika njia nyembamba zilizobanwa na majumba ya mawe pande zote mbili. Kengele iligongwa mfululizo, na waliokuwa njiani walijibana ukutani au kuingia katika milango ya watu mpaka mabehewa yapite. Bibi alikuwa akisema kuwa kutoka dirishani ungeweza kumwamkia mtu aliyeketi barazani kwake, na yeye akakujibu kabla hujampita. Alisema pia kuwa cheche za injini zilitoboa buibui la mama yake, naye mama yake akalivaa hivyo hivyo mwaka mzima ili watu waulize.

Baada ya kuuacha mji, reli ilielekea kaskazini, bahari ikiwa mkono wa kushoto na minazi mkono wa kulia. Magofu ya Maruhubi yalikuwa ya kwanza kuonekana. Kasri hilo lilijengwa na Sayyid Barghash kwa ajili ya masuria wake, nalo likaungua mwaka 1899. Kwa hiyo bibi na wenziwe, walipopita, waliona takriban kile tukionacho sisi: nguzo nene zimesimama bila ya kitu cha kubeba. Mara nyingi twadhani kuwa wazee wetu waliishi katika fahari kamili, na magofu ni urithi wetu peke yetu. Sivyo. Wao pia walipita mbele ya magofu wakielekezana vidole.

Mtoni ilifuata. Hapo ndipo palipokuwa na kasri kongwe la Sayyid Said bin Sultan, na ndipo alipozaliwa mwaka 1844 binti yake, Sayyida Salme, ambaye nitamrejea. Kisha Kibweni, na baada ya Kibweni, Beit el-Ras.

Hapa naomba tusimame kidogo, ingawa jengo hilo halikumalizika kamwe. Sayyid Said alianza kulijenga mwaka 1847, liwe nyumba ya nyongeza kwa ajili ya wanawe. Alifariki mwaka 1856 kazi ikiwa bado, na Sayyid Majid aliyemfuata hakuiendeleza. Kuta zikabaki zimesimama kwa nusu karne. Wajenzi wa reli walipohitaji mawe, walivunja sehemu kubwa ya jengo hilo na kuyatumia mawe yake katika kazi ya reli. Ukumbi wa mbele ulisalia mpaka mwaka 1947, ulipobomolewa kupisha skuli, na baadaye pakawa chuo cha walimu. Leo wanafunzi wa chuo kikuu wanasoma hapo.

Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza, nilihuzunika. Mawe yaliyopangwa kwa ajili ya wana wa mfalme yalilazwa chini ya mataruma ili mtu mwenye kapu la muhogo apite juu yake. Nikaendelea kulifikiri, huzuni ikapungua. Jengo la Beit el-Ras halikumhifadhi mtu kutokana na mvua hata siku moja. Mawe yake yalipoingia katika reli ndipo yalipoanza kuwafaa watu.

Stesheni na walioteremka

Mwisho wa reli ulikuwa Bububu, kijiji cha pwani chenye maji matamu. Chemchemi za eneo hilo ndizo alizozitumia Sayyid Barghash kupeleka maji mjini, na vipande vya mfereji wake vimebakia. Kutoka hapo njia inapanda kuelekea Kidichi, yalipo mahamamu aliyojenga Sayyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, kisha Kizimbani, katikati ya mashamba ya mikarafuu. Kwa sababu hiyo stesheni ya Bububu ilikuwa mlango wa shamba. Aliyeteremka hapo alikuwa ameuacha mji na kuingia katika nchi ya karafuu na nazi, na safari iliyobaki ilikuwa ya miguu au ya punda.

Palikuwa na behewa la daraja la kwanza, hasa kwa wageni wa melini waliotaka kukitembelea kisiwa kwa saa chache kabla meli haijang'oa nanga. Lakini reli ilikuwa zaidi ya wenyeji. Wengine walikwenda mjini na mazao asubuhi, wakarudi jioni na mchele, mafuta ya taa na habari za mji. Familia kama yetu, yenye nyumba mjini na shamba nje, ilikwenda shamba wakati wa karafuu kuchumwa.

Ndipo ninapofika kwenye swali la pili la binti yangu.

Watumwa wa Unguja waliachwa huru kwa amri ya Sayyid Hamoud bin Mohammed ya mwezi wa Aprili 1897. Masuria hawakuingizwa katika amri hiyo, na hali yao ya kisheria haikubadilishwa mpaka mwaka 1909. Reli ilifunguliwa mwaka 1905. Basi walioushuka mtelemko wa Kidichi na mapakacha kichwani, wakaketi stesheni kungoja gari la jioni, wengi wao walikuwa wamezaliwa katika utumwa, na mashamba waliyoyahudumia yalipandwa na kupaliliwa na watumwa, yakiwamo ya watu kama sisi. Sijaona hadithi ya reli hii katika familia yoyote ya ukoo wetu inayolitaja jambo hilo. Tunataja moshi, kengele na minazi.

“Mtu wa nyumbani” aliyemshika bibi mkono alikuwa mwanamke wa makamo. Hilo nalijua kwa kuwa bibi alisema kuwa alikuwa na mkono mgumu wenye joto, na kuwa alimpa kipande cha kashata pindi injini ilipomtisha kwa mara ya kwanza. Wakati bibi ana miaka sita au saba, mwanamke wa umri huo alikuwa ameshazaliwa kabla ya mwaka wa 1897. Ukipiga hesabu, hakuna sababu ya kutafuta mbali nani alikuwa. Ametajwa katika hadithi yetu mara mia kwa miaka 50, na hatukumpa hata jina. Nilimpigia simu khalati yangu mkubwa, ambaye ndiye pekee aliyebaki katika kizazi kile, nikamwuliza. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema: “Mwanangu, sisi tulikuwa hatuulizi.”

Jina lilitoka wapi

Sasa nirudi kwenye swali la kwanza, ambalo nilidhani ndilo jepesi.

Si bibi peke yake aliyesema kuwa Bububu imeitwa kwa mlio wa gari la moshi. Utaisikia kauli hiyo Unguja hadi leo, na wanaowatembeza wageni huwahadithia hivyo. Lakini haiwezekani. Sayyida Salme binti Said, niliyemtaja pale Mtoni, aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete. Mwaka 1886 alichapisha kwa Kijerumani kumbukumbu zake. Humo anaeleza kuwa, baada ya fitina zilizowagawa ndugu zake kuhusu kiti cha ufalme, alijitenga na mji akaishi shamba, Kizimbani na kisha Bububu, na jina la Bububu ameliandika kama tulitamkavyo. Kitabu chake kilitoka miaka 19 kabla ya reli kujengwa. Yeye mwenyewe alikwisha kuondoka kisiwani miaka 15 kabla ya injini ya kwanza, ile Sultanee ya Chukwani, kuagizwa. Jina lilikuwapo; gari la moshi lililikuta.

Wapo wasemao kuwa mlio ulioipa Bububu jina lake ni wa maji, yabubujikavyo kutoka ardhini. Kauli hiyo angalau haipingani na tarehe, kwani chemchemi ni kongwe kuliko sisi sote.

Je, bibi alisema uongo? Nimelifikiri hili kuliko yote, kwa kuwa nimelirithisha kwa watoto wangu, na kwa kuwa sisi tuliotawanyika hatuna makaburi ya wazee karibu, wala nyumba, wala shamba. Tuna maneno yao tu. Maneno yakianguka, tutashika nini?

Naona sasa kuwa katika hadithi ya bibi mna mambo mawili, nasi tuliyachanganya. Kuna alichokiona na kusikia: kengele, cheche, ukuta uliokaribia dirisha, mkono mgumu, na mlio ule. Hayo ni ushahidi wa shahidi aliyekuwapo. Na kuna alichoelezwa, au alichojieleza mwenyewe: kuwa mlio ndio ulioleta jina. Mtoto aliyesikia injini ikitamka jina la mahali inapokwenda, angewezaje kuamini vinginevyo? Ushahidi wake naushika kwa mikono miwili. Maelezo yake nimeyaweka chini kwa heshima. Mtu anayewapenda wazee wake hana haja ya kuwafanya wasikosee.

Mwisho wa reli

Reli haikuishi maisha marefu. Barabara zilitengenezwa, magari ya petroli yakaja, na gari lisilofungwa na chuma liliweza kumfuata abiria mpaka mlangoni kwake. Katika miaka ya 1920 usafiri wa abiria ulikoma, na mabehewa yakabaki kubeba mawe ya kujazia ufukwe wakati bandari ya mji ilipokuwa ikijengwa. Kufikia mwaka 1930 reli ya Bububu ilikuwa imekwisha. Bibi alikuwa mwari wakati huo, na shamba akawa anakwenda kwa motokaa.

Sehemu kubwa ya njia ya reli ilimezwa na barabara kuu. Nilipokwenda Unguja kwa mara ya kwanza utu uzimani, nilipanda daladala ya Bububu kama wapandavyo watu wote, nimebanwa baina ya mama mwenye ndoo ya samaki na kijana mwenye begi la skuli. Baina ya barabara na pwani bado yako mabaki ya madaraja madogo na matuta ya udongo yaliyobeba reli. Niliteremka kabla ya kufika, nikayatafuta, nikakuta tuta moja limeota majani, mbuzi wamelala juu yake. Mzee mmoja aliyekuwa akichana makuti aliniuliza nimepoteza nini. Nilipomweleza, alicheka akasema, “Gari la moshi? Hilo lilipita hapa kabla mimi sijazaliwa. Lakini njia yake ndiyo hiyo uliyojia.”

Binti yangu aliandika kazi yake upya. Aliandika kuwa mama wa bibi yake alipanda treni ya Bububu, kuwa jina la mahali hapo ni kongwe kuliko treni, na kuwa safari hiyo aliifanya pamoja na mwanamke aliyekuwa mtumwa katika nyumba yetu, ambaye jina lake familia haikulihifadhi. Nilipoisoma sentensi hiyo ya mwisho, nilitaka kumwambia aiondoe. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Nikamrudishia karatasi kama ilivyo.

Ninawaomba jamaa, popote mlipo, Maskati, Dubai, London, Toronto: mkiwa na mzee aliyebaki, muulizeni habari za Bububu. Msimwulize moshi na minazi peke yake. Mwulizeni nani alikuwa akimshika mkono, na aliitwa nani. Mkipata jina, hata moja, niandikieni, nasi tuliweke hapa pamoja na majina ya wazee wetu.

Wassalaam.